Kidole cha Vaipulu

Vaipulu hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na cheti cha shule, na tangu apigwe na kiharusi hakuwa tena na uwezo wa kusoma. Aliona vizuri, ila maandishi yote yaligeuka michakuro ya kuku. Sasa mchungaji alikuwa ametuma kuuliza: kusoma somo la Jumapili kanisani apewe mtu mwingine?

Mkewe alikuwa sakafuni, akipaka rangi kitambaa cha magome kilichotandazwa juu ya kibao alichokishonea ruwaza za njiti za ukuti. Vaipulu akapapasa mwinuko mmoja chini ya kitambaa.

“Toa mkono, mzee! Utaniharibia kazi.”

Hakuutoa. Kidole kilipanda, kikashuka, kikazunguka.

“T,” akasema. “O. N. Umeshona Tonga, jina la nchi yetu!”

“Ala! Unasoma?”

“Macho hayajui. Mkono unajua. Nipe kalamu.”

Akaandika bila kusita: *Somo ni langu. Nitafuata kila herufi kwa kidole. Wenye haraka wavumilie.*

Alipoitazama karatasi, hakutambua hata neno moja.

“Nikukagulie, usije ukaaibika?”

Vaipulu akaitia karatasi kwenye bahasha, akalamba gundi yake, akaibana kwa kidole kilekile, akamkabidhi.

“Mpelekee mchungaji.”