Udongo wa Kando ya Makaa

Bwawa jipya lilipofunika bonde, Sekela mfinyanzi alipoteza udongo aliokuwa akiufanyia kazi tangu usichana wake. Binti yake Atupele, mtaalamu wa miamba kwenye mgodi wa makaa ya mawe, akamletea gunia la mabonge ya kijivu yaliyochimbwa kando ya makaa.

Sekela aliyaloweka kutwa nzima. Jioni yalikuwa magumu vilevile.

"Mwanangu, umeniletea mawe."

"Ni udongo, mama. Zamani sana ulikuwa laini kama ule wa bondeni. Ukafukiwa pamoja na msitu, vikazama chini kabisa. Joto la huko likaugeuza msitu kuwa makaa, na udongo nao ukakamuliwa maji yake, ukabadilika ndani kwa ndani."

"Nani aliuchoma?"

"Hakuna moto, mama. Ni joto la ardhi na mamilioni ya miaka. Lakini ukiutwanga, huenda ukakubali maji."

Sekela alipiga bonge moja kwa nyundo. Likapasuka vipande bapa, na ndani mlikuwa na jani jeusi, mishipa yake yote ikionekana. Alifuata mishipa hiyo kwa ncha ya kidole. Akaliweka kando, akayatwanga mabonge mengine, akachekecha, akamimina maji kidogo kidogo.

Unga ukayanywa. Ukashikana, ukawa laini.

"Unafaa, mama?"

Sekela alikuwa amepiga magoti, mikono imezama katika udongo, kama mtu aliyepewa mkono na mgeni wa mbali, asijue amwachie lini.