Mbayuwayu na Uzi

"Ndege huyu amekufa!" Bwana Kitwana, mkuu wa majaji wa shindano la picha, aliutangazia ukumbi mzima akionyesha picha ya Sikudhani. "Mbayuwayu gani anayetulia hivi hewani? Umemtundika kwa uzi, bibie, ukampiga picha."

Watu wakacheka. Sikudhani alikuwa amelala kifudifudi topeni asubuhi nzima akimngoja ndege yule ashuke kunywa maji, leo anaitwa mwongo!

"Ni flashi, bwana, taa ya kamera. Inamulika na kuzima kabla bawa halijasogea."

"Flashi kitu gani? Uzi! Nasema uzi!"

Sikudhani akainua kamera, akammulika palepale akifoka. Kisha akawageuzia watu kioo cha kamera. Mbele ya mdomo wazi wa jaji, matone ya mate yalikuwa yametulia hewani, yanameta.

"Na haya, bwana, nimeyatundika kwa uzi gani?"

Bwana Kitwana alikuwa anajifuta mdomo.