Matairi ya Kuvukia Mlima

"Naomba usiyafungue yote kwa mpigo," mwanamke alisema. "Ikibidi niondoke ghafla, nisikute gari limekaa juu ya mawe."

Verna Tolliver alicheka. Kisha akaona mgeni wake hacheki.

Verna ndiye aliyekuwa fundi na mwenye duka la matairi pale Harlow Creek, kijiji cha mwisho bondeni kabla barabara haijaanza kupanda mlima. Mvua ya Novemba ilikuwa ikipiga bati. Gari la mgeni, dogo la kijani, lilikuwa limeingizwa ndani kabisa, mbali na mlango. Matairi yake yalikuwa vipara vitupu.

"Na haya ulitaka kwenda nayo wapi, mwanangu? Ahera?"

"Juu. Ng'ambo ya mlima. Naitwa Maren."

"Haya, Maren. Niambie njia yako, nami nitakuambia tairi lako."

"Mvua mpaka darajani. Halafu theluji. Halafu lami inaisha, ni njia ya wakata miti, mawe na tope, mpaka kwenye kibanda cha marehemu bibi yangu."

"Vyote hivyo kwa safari moja! Wenzako huchagua kimoja."

Maren alinyoosha kidole kwenye matairi makubwa yaliyotundikwa ukutani, yenye meno kama ya mamba. "Nipe yale."

"Yale ni ya vijana wanaotaka wasikike wakipita. Kwenye tope ni simba. Kwenye barafu ni ng'ombe aliyekanyaga sabuni."

"Basi haya."

"Hayo ni ya lami. Mvua hayaiogopi, lakini theluji ikianza utarudi kinyumenyume mpaka hapa kwangu." Verna alivingirisha tairi moja kutoka kona ya nyuma. "Chukua haya. Meno ya kadiri, mawe hayayatishi. Mifereji ya kutoa maji hii hapa. Na kila jino limechanjwachanjwa ili ling'ate theluji. Tazama ubavuni: mlima wa vilele vitatu, na chembe ya theluji katikati. Tairi la kupanda kule likikosa alama hii, usinunue kwa mtu, hata kwangu mimi."

Gari lilisikika nje. Maren alichutama nyuma ya gurudumu, mikono kichwani. Lilikuwa lori la maziwa tu. Lilipita.

Alipoinuka, mkono wa sweta ulikuwa umepanda. Verna aliona alama za vidole kwenye kiwiko, nyeusi zikielekea ukijani.

"Mumeo?"

Maren alishusha mkono wa sweta. "Nimeamka asubuhi gari lake halipo. Nikaona ndiyo nafasi. Kile kibanda hajawahi kufika. Simu nimeizima, asije akanifuata kwa hiyo."

Verna alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeuawa na mwanamume wa namna hiyo. Siku ile mdogo huyo alimpigia simu amfuate, naye akasema atakwenda kesho.

Alifanya kazi kama mtu anayezima moto. Jeki juu, nati chini, tairi jipya, nati tena, jeki chini. Moja moja, kama alivyoombwa.

"Ukifika kwenye mawe, punguza upepo kidogo, yatashika vizuri. Kwenye mteremko wa barafu usikanyage breki kwa hasira. Shuka na gia ndogo."

"Akija mwanamume kuniulizia..."

"Aje. Nenda!"

Gari la kijani lilitoka mvuani, likapinda kushoto, likaanza kupanda. Kwenye kona ya kwanza, pale wengi huserereka, halikuyumba hata kidogo. Verna alitabasamu peke yake.

Alikuwa bado anafuta mikono pikapu ilipoingia kwa kasi na kufunga breki kwenye dimbwi. Aliyeshuka alikuwa pande la mtu lenye ndevu nyekundu, bila koti, mlango ameuacha wazi.

"Gari dogo la kijani! Anaendesha mwanamke. Limepita hapa?"

"Yanapita mengi."

"Mama, usinichezee!" Alipiga meza ya vyuma kwa ngumi, spana zikaruka.

Verna aliinua ile kubwa ya magurudumu. "Ukisogea tena nitakupasua. Na ukome kunipigia kelele dukani kwangu."

Lakini macho ya yule bwana yalikuwa sakafuni, kwenye vile vipara ambavyo vilikuwa bado vinachuruzika maji. "Haya ni ya Maren. Nayajua. Ameelekea wapi?"

Verna aliona kukana hakutafaa. Bora uongo wenye miguu.

"Ndiyo, nimembadilishia. Ameshuka, amekwenda mjini. Na alisema anakwenda moja kwa moja polisi, kwa hiyo mfuate ukitaka."

Alishika spana kwa mikono miwili, akasubiri.

Yule bwana hakumrukia. Aliketi juu ya matairi yale makuukuu, akafunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kumtikisika. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtoto.

"Ahsante, mama. Ahsante sana. Dada yangu simuni hapatikani, nikajua tu amepanda kwa bibi. Na wakata miti wa kule wamenipigia: mumewe yuko mle kibandani tangu asubuhi, gari kalificha nyuma ya kuni, anamsubiri."