Jembe la Shamba la Chini

Saa kumi na mbili unusu asubuhi jembe lilianza tena huko chini, nyuma ya migomba, na mzee Elphas akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Nusu ya pili ilichukuliwa na kiharusi baada ya Krismasi, pamoja na mguu na mkono wa kulia. Kutoka kitandani hakuona kitu ila ukuta, lakini masikio yalikuwa mazima.

Kwa miaka thelathini alikuwa mzee wa kanisa hapa Kanyakine, na kama kuna jambo alilihubiri hadi watu wakasinzia, ni bidii. Mungu mwenyewe alifanya kazi siku sita, alisema, sembuse wewe. Aibu yake ilikuwa Mutuma, mwanawe wa kiume wa pekee, mtu mzima anayeamka jua likiwa utosini. Mara ngapi mzee alimwondolea sahani mezani, mbele ya wageni, akimwambia asiyefanya kazi asile!

Sasa hii ilikuwa wiki ya tatu ya jembe. Halikuchelewa hata siku moja.

"Nimeliona shamba lako nikipita barabarani," Lydiah wa kanisani alimwambia alipomletea ndizi. "Limelimwa likalimika, mzee. Mungu amejibu."

Furaha hiyo ilikuwa na mwiba mmoja. Jembe lilipumzika Jumamosi, likafanya kazi Jumapili.

"Kwani umesahau siku ya Bwana, mwanangu?"

"Mvua haingoji, Baba," Mutuma alijibu, macho sakafuni. "Na Jumamosi mwili unakataa."

Mzee aligeukia ukuta. Ni nani aliyemfundisha kijana kwamba bila jembe yeye si mtu? Zile sahani zilimrudia moja moja, akalia. Aliogopa kufa kabla ya kuomba msamaha, na kabla ya kumkabidhi Mutuma lile shamba mbele ya mashahidi.

Alipoitisha hati ya shamba itolewe sandukuni, Mutuma alisita.

"Ya nini haraka, Baba? Pona kwanza."

Hata tamaa hana, mzee alijiambia, na moyo ukamuuma zaidi.

Akamwita Pasta Kaimenyi, pamoja na binti yake mwenyewe, Kendi, mwalimu huko Embu. Mutuma alishikilia kwamba iwe Jumamosi, siku nyingine hawezi. Lakini Jumamosi pasta alishikwa na mazishi, akaja Jumapili asubuhi na mapema, kabla ya ibada. Kendi ndiye aliyekwenda kumgongea ndugu yake mlango.

"Pasta, si tungengoja tu jioni?" Mutuma alisema alipoingia. Jasho lilimtoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Jioni si yangu," mzee alisema. "Keti hapa."

Akaushika mkono wa mwanawe kwa ule mkono wake mzima. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Nilikunyima chakula nikasema ni neno la Mungu. Nilikosa, Mutuma. Nisamehe. Bidii niliyoihubiri, wewe ndiye umeifanya. Shamba la chini ni lako, na hawa wawili wamesikia."

Mutuma alifunika uso akalia kama mtoto. Kendi naye alilia, kwa kuwa hakuwahi kumsikia baba yake akiomba msamaha kwa mtu yeyote. Pasta Kaimenyi alifumba macho, akaweka kiganja juu ya mikono ile miwili, akaanza kuibariki kazi ya Mutuma.

Kabla hajafika Amina, huko chini jembe lilianza.

Pasta akafumbua macho. Mzee aliutazama mkono aliokuwa ameushika, kisha akamtazama mwenye mkono. Kendi alikwenda akafungua dirisha.

"Wewe huko chini! Ni nani analima?"

Jembe lilitulia. Sauti ya mwanamume, ya upole na heshima, ikapanda kutoka nyuma ya migomba.

"Ni mimi Marete, mama, yule alinunua hii shamba! Mutuma alinikataza kuja huko juu kwa sababu ya matanga. Poleni sana kwa kumpoteza mzee!"