Maneno ya Heshima

Asubuhi ile wafanyakazi wote wa kiwanda cha nywele bandia waliitwa uani. Tunsume, aliyesomea Kikorea chuo kikuu kwa miaka minne, alisimama kando ya meneja, Bwana Han, akatafsiri sentensi moja baada ya nyingine: kiwanda kinafungwa, mashine zinahamishwa, leo ndiyo siku ya mwisho.

Mama Sekela, aliyefanya kazi pale miaka mingi kuliko wote, akamshika mkono.

"Mwanangu, wewe lugha yao unaijua. Mbembeleze. Atupe japo mwezi mmoja."

Tunsume alimgeukia meneja, akainama, akaomba kwa maneno ya heshima kubwa kabisa aliyofundishwa, ambayo tangu ahitimu hakuwahi kupata pa kuyatumia.

Bwana Han alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu taratibu kwa Kikorea, macho chini.

"Unakizungumza vizuri kuliko wanangu. Lakini uamuzi si wangu. Na wewe pia, Tunsume, kesho usije."

Akaingia ndani.

"Amesemaje?" akauliza Mama Sekela, bado amemshika mkono.

Wanawake wakasogea karibu, wote wakimtazama mdomo.