Vidudu vya Kasha

Vidudu vilikataa kula.

Euphrasie aliinama tena juu ya chupa, akasoma kipimo, akainuka. Katika kila chupa alikuwa ametia maji ya ziwa aliyoyachota huko Nguba, mtaa wa matajiri, pamoja na matone machache ya dawa ya povu ya Papa Léopold. Vidudu vya majini, vile visivyoonekana kwa macho, vikila dawa huvuta hewa iliyomo ndani ya maji, na hewa hiyo hupungua. Juma zima lilikuwa limepita bila hewa kupungua hata kidogo.

"Bado?" Léopold aliuliza kutoka mlangoni. Alikuja maabarani kila asubuhi, kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini.

"Bado, Papa."

Léopold alikuwa amejenga kiwanda cha sabuni huko Kasha, ukingoni mwa kijito ambacho wakazi huchota maji yao. Ofisi ya mazingira ilimkataza kukiwasha mpaka ithibitike kwamba dawa yake, ikiingia majini, huoza ikaisha. Basi mlango wa kiwanda ulipigwa kufuli kubwa, na kila mgeni alipelekwa kwanza kuitazama kufuli hiyo. Vijana waliokuwa wakingojea kazi walipita kuitazama pia. Léopold mwenyewe, mtu wa kanisa, aliapa mbele ya parokia nzima kwamba mitambo yake haijawahi kuzunguka.

"Hii maji ya Nguba iko na kiburi," alisema akizikunjia chupa uso. "Ni maji ya wakubwa, inachagua chakula. Ukamate ya kwetu Kasha, Docteur. Kule kila kitu iko inafanya kazi, hata vidudu."

Euphrasie alicheka. Lakini hakuna kanuni iliyomkataza kujaribu maji mengine, na Léopold alikuwa ameahidi kuipa maabara jenereta. Umeme ulivyokuwa ukikatika, mkuu wa maabara aliitaja jenereta hiyo mara nyingi kuliko alivyowataja wanawe.

Jumapili Euphrasie akashuka Kasha na kibidoni chake. Povu jeupe lilikuwa limejikusanya kwenye mawe ya kijito, chini kidogo ya kiwanda. Aliwatafuta kwa macho wanawake wanaofua, asimwone hata mmoja. Akadhani wamekwenda misa. Alijaza maji, akarudi.

Kesho yake aliandaa chupa mpya. Kabla jua halijatua, hewa ilikuwa imeanza kupungua. Juma lilipokwisha, dawa ilikuwa imeliwa karibu yote. Akachota mengine, akarudia. Yakawa yale yale. Chupa za Nguba nazo zilikuwa zimeanza sasa, lakini kwa aibu, kama bwana harusi anayeonja chakula cha ukweni.

Euphrasie alizipanga chupa za Kasha na za Nguba sambamba, akalinganisha vipimo. Kisha akamwita mkuu wake, akamweleza kwa sauti ya chini. Mkuu alisikiliza huku akitazama nje ya dirisha, pale jenereta itakapowekwa.

"Dawa inaoza, ao haiozi?" aliuliza.

"Inaoza."

"Basi useme inaoza. Ile ingine hatukuulizwa."

Léopold alipopata habari alimkumbatia Euphrasie hadi miwani yake ikapinda. "Si nilikuambia? Maji ya kwetu!" Akaandaa sherehe mbele ya kiwanda. Mahema yakafungwa, kwaya ikaja na sare mpya, radio ikaja, na mkubwa wa ofisi ya mazingira akakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Wakazi wa Kasha walijaa mpaka barabarani.

Baada ya sala, Euphrasie aliitwa. Alisema maneno machache: dawa imepimwa majini, nayo inaoza. Wanawake wakapiga vigelegele. Alikuwa akigeuka kwenda kuketi pale Léopold alipomshika mkono.

"Hapana, Docteur, usikae kwanza! Uambie watu ile ya Nguba." Akamsogezea mikrofoni. "Vidudu ya Nguba ilikamata siku ngapi mbele ya kuanza kula?"

"Siku mingi."

"Na ya Kasha?"

"Ilianza siku ile ile."

Umati ukalipuka. Vijana wakaruka juu. "Munasikia?" Léopold alipaza sauti, jasho likimtiririka kwa furaha. "Siku ile ile! Ba Nguba banatuzarau, kumbe hata vidudu yao ni bavivu!"

Mkuu wa maabara akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Papa Léopold," Euphrasie alisema, "tuachie hapo."

"Wapi! Unataka kuficha sifa yetu? Eleza sababu. Kwa nini vidudu ya Kasha ilishinda?"

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote na mbele ya Mungu!"

Akamkabidhi mikrofoni, akarudi nyuma hatua moja, mikono ikiwa tayari kupiga makofi. Mkubwa wa ofisi ya mazingira akajiweka sawa kitini. Mtu wa radio akasogea. Euphrasie aliwatazama wanawake wa mstari wa mbele, watoto wao wakiwa mgongoni.

"Vidudu haviwezi kula dawa mugeni siku ya kwanza," alisema taratibu. "Vinangoja kwanza, vinajifunza. Vya Nguba vilikuwa havijaiona hata siku moja, ndiyo maana vilichelewa. Vya hapa Kasha havikuwa na kitu ya kujifunza. Vilishazoea kuila."

Léopold akapiga makofi kwa nguvu zake zote. Alikuwa peke yake.