Mtungi wa Binti wa Gocha

Naapa, hapa sijatia chumvi. Katika kila ngome na kila ghala la mvinyo la jimbo la Kakheti nilidai, mke wangu akiwa kando yangu, kwamba leo ndoa yetu inatimiza miaka arobaini, tukamiminiwa bure.

Mzee Gocha, mwenye ghala la mwisho, yeye alipiga magoti, akaanza kuufukua mtungi wake wa mvinyo uliozikwa ardhini. "Niliufukia binti yangu alipozaliwa, tuje tuunywe harusini kwake. Ila arobaini, ndugu yangu, si mchezo."

Udongo ulimjaa kwenye kucha.

"Acha, kaka," mke wangu akamwambia Gocha. "Tulioana Februari. Tena ni miaka thelathini na moja."

Masikio yaliniwaka. Gocha aliurudishia udongo kwa viganja, taratibu, kisha akanionyesha mtungi mwingine, mtupu, mrefu kunipita, unaongoja kusuguliwa ndani.

"Shemeji mwembamba, atapenya," akamwambia mke wangu.

Nikavua viatu. Mke wangu akanipa brashi bila kunitazama.